Mara Tisa Tito Alishinda Bila Kuona

Tito Mihambo amefundisha farasi wa mbio hapa Durban kwa miaka sita, na mpaka Julai ya mwaka jana alikuwa hajaona hata mbio moja ya farasi wake mwenyewe. Hapa sitanii, ingawa yeye ni mtani wangu na nina haki ya kumtania mpaka siku ya kumzika.

Mazoezi anayaona. Kila alfajiri yuko Summerveld, kule juu nje ya mji ambako farasi wanalala, amesimama kwenye umande na kofia yake ya sufu, akihesabu sekunde kwa vidole. Lakini siku ya mashindano, farasi wakianza kuingizwa langoni, Tito anatoka kiwanjani. Anapanda lori la kubebea farasi, anafunga vioo, anafungulia kwaya kwa sauti ya kutoboa masikio, halafu anajifunika blanketi la farasi kichwani. Anakaa humo mpaka mtu aje kugonga. Na huyo mgongaji anaruhusiwa kusema namba tu. Wa kwanza. Wa nne. Wa kumi na moja. Ukianza kumweleza, "Kaka, alitoka vizuri, halafu kwenye kona..." anapandisha kioo.

"Namba inatosha," anasema. "Namba haina domo."

Ana sababu yake. Alipokuwa bado mtunza farasi, wa kufagia na kusugua, alikuwa na farasi jike mwekundu aliyempenda kama ndugu. Alimtazama akikimbia, na mbele ya macho yake yule farasi akavunjika mguu. Farasi akivunjika mguu hapelekwi nyumbani. Tangu siku hiyo Tito akaamini kwamba macho yake ni mazito, na kwamba farasi akitazamwa na anayempenda mno, anaelemewa. Nimemwambia hayo si mambo ya Mkristo. Akanijibu kwamba blanketi si ushirikina, blanketi ni blanketi.

Kwao ni Urambo, Tabora. Huko mtoto anakua anajua ng'ombe, nyuki na tumbaku. Farasi anamwona kwenye picha ya Mtakatifu Joji akimchoma lile joka. Tito alifika Durban mwaka tisini na sita, akapata kazi ya kupakua mizigo bandarini, akawa analala Point, mtaa wa kando ya bandari, watu saba chumba kimoja. Siku moja bandarini kulikuwa na farasi wa kupandishwa meli ya kwenda Morisi. Farasi amegoma. Wanaume wanne wanavuta kamba, farasi anawaburuza kama kanga zilizoanikwa. Tito hakuwa amewahi kumgusa farasi hata mkia. Akasogea, akamsemesha Kinyamwezi, maneno yale yale ya kumwambia maksai atoke shambani. Farasi akageuza sikio moja, akamfuata mpaka ndani ya meli.

Mzungu mmoja aliyekuwa anasimamia akamuuliza, "Wewe unafanya kazi kwenye mazizi ya nani?"

"Ya kwako," Tito akamjibu.

Akaajiriwa siku hiyo hiyo. Alifagia samadi miaka zaidi ya ishirini, akafanya mtihani wa ukufunzi, akaanguka, akaufanya tena, akaanguka tena, mara ya tatu akapita. Akakodi mabanda manne ya farasi kwa mzee mmoja mwenye mazizi kule Summerveld. Mabanda manne, farasi wanne, mkufunzi mmoja, na kofia ya sufu.

Mimi nilimjua kwa sababu ya kufua. Ninakaa Greyville, ghorofa ya tatu, juu ya duka la viungo vya pilau na mchuzi, na kazi yangu ni kufua na kupiga pasi nguo za watu. Siku ya kwanza alikuja na shati la njano lenye msalaba wa bluu mgongoni, lile analovaa mpanda farasi siku ya mbio.

"Mama, unafua hariri?"

"Nafua kila kitu isipokuwa dhambi. Hizo peleka kwa padre."

"Kwenu wapi, mama?"

"Songea."

Akaliweka shati chini, akacheka mpaka akashika ukuta. "Mngoni! Babu zako walitoka nchi hii hii mbio, wakatembea mpaka Songea miguu ikaisha, na wewe umerudi kuwafulia nguo!"

"Na wewe Mnyamwezi," nikamwambia, "babu zako walibeba pembe za ndovu toka Tabora mpaka pwani. Wewe umeona pembe ni nzito, ukachagua kubeba samadi."

Basi utani ukaanza hapo. Mtu aliye mbali na kwao akimpata mtani wake amepata ndugu, maana ndugu wa damu hawezi kukutukana kila wiki usikasirike.

Lile shati lilikuwa la Nimbona, mwenye farasi. Nimbona ni Mrundi, ana malori mawili bandarini, na yeye na wenzake wa malori walichangia wakamnunua farasi mmoja mweusi, wakampa jina Sina Haraka. Watu walimcheka: farasi wa mbio unamwitaje hivyo? Nimbona akasema, "Miaka kumi na tano napigiwa honi pale kwenye geti la bandari. Nimenunua kitu kimoja chenye haraka. Jina liacheni lipumzike."

Sina Haraka kwenye majani alikuwa anateleza, kwa hiyo Tito alimkimbiza kwenye ile njia ya ndani ya uwanja wa mbio wa Greyville, ya mchanga uliochanganywa na nta. Mchanga ule mimi naujua kuliko ninavyojua mikono yangu. Ukimrukia mtu, nta inashika kitambaa. Maji ya baridi hayaifanyi kitu. Unaanza na sabuni ya vyombo, unasugua kwa kidole gumba, halafu ndiyo unafua kawaida. Na ukisugua mahali pamoja mara nyingi, rangi inachoka pale.

Mpanda farasi wa Tito alikuwa Cédric. Alizaliwa Bukavu, akaletwa Durban bado hajajua kufunga viatu, akakulia Point, na Kiswahili chake ni kile cha kwao, kina Kifaransa ndani kama zabibu kwenye mkate. Ni mdogo wa umbo, ukimwona kwenye robot, zile taa za barabarani, anasubiri kuvuka unaweza kudhani ni mwanafunzi. Lakini mikono yake ni koleo. Kwa misimu mitatu Tito na Cédric walishinda pamoja mara tisa, na mara saba kati ya hizo ni Sina Haraka. Kwa mkufunzi wa mabanda manne hiyo si haba. Tito alibandika karatasi ndani ya mlango wa lori: tarehe, farasi, namba. Ukimsalimia tu, "Habari za asubuhi," anakujibu, "Tisa."

Na kila akileta shati, alinong'ona siri yake. "Nakuambia wewe, Mngoni, kwa sababu huchezi kamari, huna pa kuiuza. Siri yangu ni moja. Namwambia Cédric amfiche farasi nyuma ya wenzake, abanane na uzio wa ndani, asionekane kabisa mpaka mita mia tatu za mwisho. Hapo ndipo amfungulie. Wengine hawajui! Wanashangaa farasi katokea wapi!"

Mimi nilikuwa naitikia, "Hongera kaka," naendelea kuchovya.

Sasa, mdomo. Mungu alitupa mdomo mmoja na bado unatushinda. Baada ya ule ushindi wa tisa, Nimbona alifanya karamu kwake. Tito akasimama na soda yake, akasema mbele ya watu wote, "Joki ni nini? Joki ni gunia la unga. Ukilifunga vizuri mgongoni, farasi anafika nalo. Mwenye akili ni yule aliyefunga."

Watu wakacheka. Cédric akaweka chini sahani yake ya sombe, kisamvu cha kwao.

"Kama mimi ni gunia, Papa Tito," akasema kwa adabu kabisa, "basi utafute unga ingine."

Akatoka. Msimu mzima hakumpandia tena farasi hata mmoja, na hawakusemeshana tena. Shida ni kwamba wote wawili walikuwa wateja wangu, na Cédric anafua suruali zake nyeupe kwangu. Wakikutana mlangoni, ilikuwa hivi:

"Mama Clementina," anasema Tito, macho kwenye dari, "mwambie mtu anayesimama karibu na pasi kwamba nimemsalimia."

"Mama," anasema Cédric, "umuambie huyo papa kama salamu imefika."

"Mwambie asante."

"Umuambie iko sawa."

Mimi niko katikati nimeshika chupi ya mtu.

Msimu ule, bila Cédric, farasi wa Tito walikimbia mara ishirini na saba. Alibadilisha wapanda farasi watano. Mara ishirini na saba, ushindi hakuna. Kwenye karatasi ya mlangoni zikajaa namba za kutisha: tisa, kumi, nane, kumi na mbili. Sasa ukimwambia habari za asubuhi alikuwa anajibu "Nzuri," na ukiona Tito anajibu "Nzuri," ujue mambo yameharibika.

Mwezi wa sita yule mzee mwenye mazizi akamwita. Ni mtu mpole, lakini hasemi jambo mara mbili. Alimwambia kuna wakufunzi wanasubiri nafasi, na msimu unaisha Julai thelathini na moja. Kama mpaka siku hiyo Tito hana hata ushindi mmoja, arudishe mabanda yote manne. Mkufunzi asiye na mabanda si mkufunzi. Nimbona na wenzake ingewabidi wampeleke Sina Haraka kwa mwingine. Na Tito ana miaka sitini na moja. Bandarini mgongo wake hautakiwi tena.

Jumatatu moja ya Julai alileta shati. Jana yake Sina Haraka alikuwa wa nane. Ilibaki mbio moja tu ya kumfaa, Jumapili ya mwisho ya mwezi, na majina ya wapanda farasi yalitakiwa kupelekwa kabla ya saa nne asubuhi siku ya Jumatano.

"Nani atampanda?" nikamuuliza.

"Yeyote anayejua kutii," akasema. "Hawa vijana hawamfichi vizuri."

Alipoondoka nikalowesha lile shati. Kifua chote kilikuwa mchanga, kama mtu aliyelala kifudifudi ufukweni. Nikasugua. Na kidole gumba kikiwa pale pale kifuani nikajiuliza: mbona zamani nilikuwa sisugui hapa?

Nikalitoa kwenye beseni, nikalitandaza dirishani penye mwanga. Mkono wa kulia ulikuwa umepauka toka begani mpaka kwenye kiwiko, umekuwa rangi ya maziwa. Mkono wa kushoto ulikuwa njano kama siku ya kwanza. Kifua nacho kilikuwa kimeanza kupauka, lakini huo ulikuwa mpauko mpya, wa mwaka huu.

Mimi mbio siendi, lakini najua Greyville farasi wanazunguka kwa mkono wa kulia, kwa hiyo uzio wa ndani uko kulia kwao. Farasi akifichwa nyuma ya wenzake, mchanga wa kwato zao unamjia usoni, na mpanda farasi unamjaa kifuani. Hivyo ndivyo walivyorudi wale vijana watano, vifua vyote vichafu. Walikuwa wanamficha vizuri sana! Lakini Cédric misimu mitatu alirudi na kifua safi, amechafuka mkono wa kulia peke yake. Maana yake wenzake wote walikuwa upande wake wa kulia. Maana yake alikuwa anapita nje kabisa, peupe, mbali na uzio.

Nikakaa chini. Ile siri ya Tito haikuwahi kufuatwa hata siku moja.

Kesho yake Cédric alipokuja kuchukua suruali, nikafunga mlango.

"Cédric mwanangu, Papa Tito alikuwa anakuambia umfiche Sina Haraka nyuma, karibu na uzio. Ulikuwa unamficha?"

Akatazama mlango, akatazama dirisha, akaona ni ghorofa ya tatu.

"Ah, mama." Akakaa kwenye ndoo. "Mara ya kwanza nilimuficha. Farasi ile haipende muchanga ku macho. Ikainua kichwa juu, ikataka kurudia nyumbani. Mara ya pili nikaipeleka inje, kule iko hewa. Ikashinda. Nikakuja mbio kwa lori nimuelezee Papa Tito. Akasema, namba tu. Basi nikamupa namba."

"Mara zote saba?"

"Zote. Ningefanya je? Mutu mukubwa amenikumbatia, analia, anasema, 'Umeona siri yangu? Umeona?' Niseme hapana? Eish, mama, ni kumuvua nguo mbele ya watu."

"Lakini gunia ulikasirika."

"Vraiment, kabisa! Gunia haichague njia!"

Usiku ule nilisali kuhusu jambo hili, kwa sababu sikujua la kufanya. Nikinyamaza, Tito anapoteza mabanda. Nikisema, anapoteza ushindi saba, na hivyo ndivyo vitu pekee alivyokuwa navyo. Ningekuwa dada yake, nisingethubutu. Ningekuwa mke wake, ingekuwa vita. Ndipo nikakumbuka kwamba mimi si dada yake wala mke wake. Mimi ni mtani. Kwa mtani milango yote haina komeo.

Jumatano saa mbili asubuhi nikalikunja shati, nikalifunga ndani ya kitenge, nikajifunga kitenge kiunoni kwa mafundo mawili. Tito akabisha hodi.

"Shati, Mngoni. Nina haraka."

"Shati limetekwa."

Akanitazama. Mnyamwezi anajua maana yake: mtani akiteka kitu chako hupigi kelele, unauliza fidia.

"Asubuhi hii? Haya, fidia nini? Kuku?"

"Kuku kaa naye. Fidia ni usikilize mpaka mwisho bila kupandisha kioo."

Pale pale Cédric akaingia, kama nilivyomwagiza. Tito akageukia dari. "Mama Clementina, mwambie..."

"Leo simwambii mtu," nikasema. "Mkalimani amejiuzulu."

Nikafungua kitenge, nikatandaza shati kwenye meza ya pasi. Nikamwonyesha mkono wa kulia, nikamwonyesha mkono wa kushoto, nikamwonyesha kifua. Nikaeleza taratibu, kama ninavyofundisha watoto katekisimu. Tito alisikiliza. Mwanzo alitabasamu kwa dharau, halafu tabasamu likabaki peke yake usoni, mwenyewe ameondoka. Akakaa kwenye kapu la nguo chafu. Kapu likabonyea, akazama mpaka magoti yakafika kidevuni, na hakujaribu kunyanyuka.

"Zote saba?" akauliza. Yalikuwa maneno ya kwanza kumwambia Cédric baada ya miezi kumi na moja.

"Zote, papa."

"Hata ile ya Pasaka?"

"Ile ndiyo nilipita inje kabisa. Karibu na watu banakula chipsi."

Chini dukani mtu alikuwa anasaga bizari.

"Kwa hiyo," Tito akasema polepole, "mimi nilikuwa nashinda kwa kutosikilizwa."

"Ndiyo, kaka," nikamwambia. "Na mwaka huu umesikilizwa mara ishirini na saba."

Akavuta kofia ikafunika uso. Mabega yakaanza kutikisika. Cédric akaniangalia kwa hofu. Nikajua nimemuua mtani wangu kwa mikono yangu, nikaanza kutafuta maneno ya kuomba radhi. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka kapu likapasuka upande mmoja, na ndani ya kile kicheko machozi nayo yalikuwepo, siwezi kusema hayakuwepo.

"Mngoni, umenipiga mkuki mzima mzima," akasema. Halafu akamnyooshea Cédric mkono ili amvute kutoka kwenye kapu. "Kijana. Lile gunia nalirudisha. Limenishinda kubeba."

"Nimeisha kusahau, papa."

"Uongo."

"Ndiyo, ni uongo. Lakini Jumapili nitakuwa nimesahau."

Tito akapiga simu kupeleka jina la Cédric saa nne kasoro dakika tisa. Akarudi amejaa ukufunzi tena, kifua mbele. "Sasa nakuamuru. Jumapili umpeleke nje. Nje kabisa!"

"Ukiniamuru, papa, naogopa," Cédric akasema.

"Na fidia yangu bado," nikaongeza. "Jumapili utatazama. Umesimama, macho wazi. Mara saba umepitwa na mambo kwa sababu ya blanketi."

Akanywea. Nilidhani atakataa. Akasema, "Basi na wewe utakuja. Peke yangu siwezi."

Jumapili nilitoka misa ya pili nikaenda moja kwa moja na nguo zangu za kanisani. Sikupita palipo na wacheza kamari. Tulisimama kwenye uzio, mimi na Tito, karibu na pale mbio zinapoishia. Nimbona alikuwa juu jukwaani na wenzake wa malori, wanapiga kelele kabla hata ya kuwa na sababu. Niliona haya kumwombea farasi, nikamwombea Cédric, na farasi akawa chini yake.

Farasi kumi na mmoja. Lango likafunguka. Tito akafumba macho.

Nikamfinya.

"Aa! Mngoni!"

"Fidia."

Akafumbua. Akanishika mkono wenye rozari, akaubana mpaka punje zikachora alama. Kule ng'ambo walikuwa wingu la rangi linalokimbia. "Njano iko wapi? Mngoni, njano iko wapi?"

"Ile, ya nje. Ya saba."

"Yuko nje! Ametii!" Akawa anaruka kidogo kidogo. "Unaona masikio yake? Anasikiliza! Anakimbia vizuri, eh? Kumbe anakimbia hivi?" Miaka sita, na alikuwa hajui farasi wake ana uzuri gani akiwa katikati ya wenzake.

Wakaingia kona ya mwisho. Hapo ndipo mambo yakavurugika. Farasi wawili waliokuwa mbele ya Sina Haraka wakapanuka, wakaenda nje, mwingine akawafuata, na mbele ya Cédric pakawa ukuta wa matako ya farasi. Tito akaushika uzio kwa mikono miwili.

"Nje! Mzunguke, nje! Nje zaidi! Nimesema nje!"

Cédric hakwenda nje. Alitazama mara moja kulia. Wale farasi walivyopanuka walikuwa wameacha upenyo kando ya uzio wa ndani, mwembamba kama mlango wa choo, na mbele yake hapakuwa na mtu wala mchanga wowote unaoruka. Akamkata Sina Haraka kulia, akamwingiza mle mle alimokatazwa.

"Anafanya nini huyu! Cédric! NJE! Mungu wangu, nje... pita. Pita hapo hapo! Pita, baba, pita! PITA!"

Kilichofuata Tito alikisema Kinyamwezi, na sikukielewa, lakini naamini hata wale maksai wa Urambo walisikia. Sina Haraka alikuja kando ya uzio, shingo imenyooka, masikio yamelala. Mita hamsini za mwisho kulikuwa na farasi mmoja tu mbele yake. Halafu walikuwa sambamba. Halafu nilifumba macho mimi.

Tito akanifinya.

"Ameshinda kwa kichwa kimoja!" alikuwa anapiga yowe. "Kichwa kizima, Mngoni! Nimeona! Nimekiona mwenyewe!" Akapiga yowe kwa jukwaa, akapiga yowe kwa Nimbona aliyekuwa anateremka ngazi tatu tatu, akampigia yowe mama mmoja wa Kihindi aliyesimama karibu nasi na mwavuli wake, na huyo mama akampa mkono na kumpongeza. Katikati ya yowe la tano au la sita, sauti ikakatika. Mdomo ukabaki unafunguka na kufungwa, hakuna kitu.

Cédric akarudi na farasi, anapumua, meno yote nje. "Papa, nisamehe. Ulisema inje. Lakini inje kulikuwa ukuta, na ndani kulikuwa mulango."

Tito akataka kumwambia jambo kubwa. Ilionekana ni kubwa kwa jinsi alivyovuta pumzi. Ikatoka filimbi. Akajaribu tena, ikatoka filimbi nyembamba zaidi. Cédric akaanza kucheka juu ya farasi, nusura aanguke.

Walikuwa bado wanamvua farasi tandiko, Nimbona anamkumbatia kila mtu na farasi pia, simu ya Tito ikaita mfukoni. Akaitazama, uso ukabadilika. Alikuwa yule mzee mwenye mazizi. Tito akaiweka sikioni, akasema "Halo," na halo haikutoka. Akasema tena. Mzee upande wa pili tulimsikia sote, sauti yake ya upole: "Mihambo? Nimeona matokeo. Mihambo, upo? Nataka jibu lako kuhusu mabanda."

Tito akamtazama Cédric, akamsukumia simu kifuani. Akamwonyesha kwa kidole: mimi, nabaki. Akajipiga kifua mara mbili ili aeleweke: mimi.

Cédric akafuta mchanga kwenye sikio, akaipokea.

"Mzee, mchana mwema," akasema kwa Kiingereza chake kizuri cha shule. "Huyu ni Cédric. Mkufunzi yuko hapa, sauti ndiyo haipo. Ndiyo, mabanda yote manne." Akamtazama Tito. "Tunabaki."

Tito akanyanyua kidole kumsahihisha. Kidole kikakaa hewani muda kidogo. Kisha akakishusha, akaenda kumshikia farasi ndoo ya maji.